Mbwa wangu alikwenda chanjo Kisarawe, akarudi shingo imenyolewa

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni mama mtu mzima, namwogopa Mungu, sina sababu ya kutunga.

Naishi Kibaha, Tangini. Nina mbwa mkubwa, Bosi, analinda banda langu la kuku.

Mwezi uliopita alipita daktari wa mifugo kutoka kliniki moja ya Kisarawe. Chanjo bure, ila kwa mbwa wakubwa tu.

Hapo ningeshtuka. Kichaa cha mbwa kinachagua saizi?

Akanipa fomu. Mimi nimesoma darasa la jioni nikiwa na watoto watatu, nikipewa peni nasaini kwa raha zote. Nikasaini. Ilikuwa ya Kiingereza.

Bosi akachukuliwa asubuhi, akarudi jioni. Baada ya wiki mbili wakamchukua tena, eti chanjo ya kurudia.

Safari hii alirudi akalala tu, kuku wanamkanyaga. Nikamfunua mdomo, ufizi mweupe kama wa aliyeishiwa damu. Shingoni wamemnyoa, na tundu la sindano lipo.

Wakuu, mimi nilishamchangia damu dada yangu alipojifungua kwa upasuaji. Nilipimwa uzito, wakapima damu yangu kama inatosha, nikapewa soda, nikaambiwa nisirudi mpaka miezi minne ipite.

Kesho yake nikampakia Bosi kwenye bajaji mpaka Kisarawe.

"Dokta, mmemtoa damu?"

"Mama, anaokoa mbwa wenzake wagonjwa. Ichukulie kama sadaka."

"Sadaka ya kuchukuliwa kwa kificho? Mara mbili ndani ya mwezi? Mlimpima kwanza?"

"Kwani mama wewe ni daktari?"

"Mimi ni mchangiaji mwenzake."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Akatoa fomu. "Saini hii ya nani?"

Ilikuwa yangu, na ule mkia ninaouvuta mwishoni. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili, watu wote wasikie. Akasoma mstari mmoja, kwamba mwenye mbwa amekubali atolewe damu, akaiweka fomu mezani.

Nikaomba peni, nikaikata saini yangu.

Bosi anakula maini sasa, jana amebweka. Bwana mifugo wa kata nilimuuliza sheria ya damu ya wanyama inasemaje, akajibu atauliza. Mpaka leo anauliza.

Sipingi mbwa kumsaidia mbwa. Ila anayetaka kitu kizuri haanzi kwa kudanganya, na mimi sisaini tena nisichosomewa.

Juzi pale Mbwawa, hapahapa Kibaha, nimeona mbwa mwingine kanyolewa palepale shingoni. Mwenye mbwa mkubwa, mpapase shingo leo, halafu uje uandike hapa umekuta nini.