Kamba Niliyoikalia

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Nikishamaliza chekeni mpaka mbavu ziwaume, maana aibu yenyewe nimeshaivaa na kijiji chetu kizima cha Kiegeani kimeniona nayo. Mimi Tatu, mtu mzima mwenye wajukuu, niitwaye kila penye shughuli kuonja chumvi, niliumbuliwa na kigari changu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wa hitma.

Kigari hicho ni kile cha umeme, magurudumu manne na kiti kimoja, alichoniletea mwanangu kutoka Dar es Salaam baada ya nyonga kunigomea. Kwenye usukani kina kitufe cha mwendo, upande huu kimechorwa kobe, upande ule sungura (mimi kobe sikumjua, nilikuwa sungura toka siku ya kwanza). Betri inakaa kwenye boksi lake mbele, na chini ya kiti, ukikifunua, pana nafasi ya kuweka vitu vidogo, na humo ndimo balaa lilimoanzia.

Jirani na shoga yangu, Bi Mosi, alikuwa na mbuzi jike asiye na adabu. Siku moja nikamkuta kafungwa karibu na kunde zangu, nusu ya tuta imekwenda, hasira zikanipanda, nikainama pale pale nilipoketi nikamfungua. Nilitaka aende zake tu, Mungu ni shahidi. Kamba ikabaki mkononi mwangu. Ningeitupa chini nisingekuwa na la kuwasimulia leo, lakini nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ua, nikaisokomeza chini ya kiti, nikaikalia, nikaondoka na usungura wangu.

Mbuzi akashuka mikokoni, maji yakajaa, kesho yake akaonekana amekufa. Sasa kamba ile ilikuwa ya kulimia mwani, ya kijani, na aliyempa Bi Mosi ni mkamwana wake, Rehema, mke wa mwanawe, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya mwani. Bi Mosi alipoona mbuzi hayupo na kamba haipo, hakuuliza mtu. Akasema Rehema kaja kuchukua kamba yake akamwacha mbuzi apotee. Rehema akaapa, akalia, wapi! Mama mkwe akasusa hata chai yake. Na mimi nilikuwa naketi kati yao nasema "poleni," huku nikijiambia kesho nitasema, kesho nitasema, mpaka Bi Mosi akaugua siku tatu akafariki, hajampa Rehema hata salamu.

Siku ya pili baada ya maziko, kigari kikaanza.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, njia kimya, hata kunguru hawalii. Nimetoka kwangu vizuri, lakini nilipofika kwenye kile kimlima cha mchanga mbele ya nyumba ya Bi Mosi mwendo ukapungua, ukazidi kupungua, kama kuna mtu kashika kiti kwa nyuma, na chini yangu kikalia kitu, chembamba, meee. Nikageuka. Hapana mtu. Nikarudi kinyumenyume, kikaenda kimya na upesi. Nikasonga mbele tena, meee! (Sikieni hilo: kuelekea kwa marehemu hakitaki, kumkimbia kinataka.) Siku hiyo nilirudi nyumbani kinyumenyume njia nzima, watu barazani wananisalimia na mimi naitikia nikiwa natazama nilikotoka.

Nikampigia mwanangu.

"Mama, umechaji?"

"Betri imejaa."

"Magurudumu yana upepo?"

"Yametiwa jana. Na vichwa vya betri fundi wa pikipiki kavisugua mpaka chumvi yote imetoka, na kitufe kiko kwa sungura."

"Basi funua kiti utazame kule chini. Huenda kuna kitu kimeshuka kwenye ekseli."

Nikakitazama kile kiti.

"Mama?"

"Chini ya kiti hapana kitu, mwanangu."

Nilikuwa naogopa, nawaambieni ukweli. Kamba niliijua iko pale, nami sikutaka kuiona kwa macho. Kila siku mwendo ukapungua zaidi na mlio ukazidi, hata mahali pa tambarare. Mchana nikijilaza, kigari kimesimama pembeni ya kitanda, napata harufu ya mbuzi. Nikakifunika kanga.

Ikafika hitma ya arobaini. Kutokwenda siwezi, mimi ndiye shoga yake. Ua umejaa wanawake, masufuria ya pilau yako motoni, udi unafuka, na mimi huyo napanda kimlima, meee, meee, maneno yanakatika ua mzima. Mbele ya mlango wa Bi Mosi kigari kikasimama kabisa.

"Marehemu kamshika," mtu akanong'ona.

Bi Hadia, dada wa marehemu, akanijia karibu. "Tatu, una neno na dada yangu? Lisemwe, leo ndiyo siku yake."

"Wallahi sina neno naye," nikasema.

Nikaondoa mkono kwenye usukani. Kigari kimesimama, hakijaguswa na mtu, na chini yangu kikalia mara moja, pole pole, meee. Wengine walianza kusoma.

Rehema akatoka jikoni mikono imelowa maji ya mchele. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu."

Akachuchumaa nyuma yangu. "Kuna kitu kimejisokota huku kwenye gurudumu."

"Kiache! Kiache tu, kitajitoa!"

"Rudisha nyuma kidogo."

Na mimi, juha, nikarudisha. Akaanza kuvuta. Akavuta na kuvuta, anaizungushia baina ya kiganja na kiwiko kama wafanyavyo wakulima wa mwani wakitoka shambani baharini, kamba ya kijani, imelika, na mwishoni kipande cha uzi mwekundu alichokifunga kwa fundo lake mwenyewe. Bi Hadia alikuwa ananitazama mimi, si kamba.

"Hii kamba yangu," Rehema akasema.

Nikasema yote, pale pale, nalia. Kunde, mbuzi, kikohozi nyuma ya ua. Nikamwomba radhi.

"Mimi nimekusamehe, Bi Tatu," akanijibu. "Ila mama kafa ananiita mwizi. Yeye nani atamwambia?"

Nikataka kukimbia nisionekane. Nikabonyeza kwa nguvu kama nilivyozoea siku zile za uzito, kigari kikaruka, sungura mzima, kikapindua beseni la kachumbari na kunipeleka mpaka kwenye ua wa makuti, nikakwama hapo na vitunguu mapajani. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Siku hizi kila asubuhi nafunua kiti natazama, na sitaficha tena kitu cha mtu maisha yangu yote. Na Ijumaa adhuhuri mkinikuta nimesimama peke yangu njia ya makaburini, msije kunisukuma, kigari ni kizima. Namwambia Bi Mosi si Rehema, ni mimi, kisha nakaa kidogo nasikiliza.