Nafasi ya Lafaele kwenye Mkeka

Huku Safata, kisiwani kwetu, Etevise anajulikana kwa majina yanayotembea kwenye skrini. Harusi ikirushwa mtandaoni, yeye ndiye anayelifanya jina la bibi harusi lichanue chini ya uso wake. Msiba ukirushwa, jina la marehemu hupanda taratibu kama moshi wa jiko la mawe. Anawafanyia kazi wasiokuwepo. Nusu ya kila nyumba iko Auckland, Sydney, au kwenye mashamba ya watu, na Etevise huwatumia sura za kwao asipate kuwaona wakizipokea.

Wa mbali kuliko wote kwake ni mdogo wake, Lafaele, anayechuma zabibu Mildura, ng'ambo. Aliondoka akisema ni msimu mmoja tu. Jumapili sahani yake bado hutolewa kwa mazoea, kisha hurudishwa kabatini.

Mama yao, Fuatino, alipofariki, Lafaele alipiga simu.

"Dada, nikitoka sasa hawatanirudisha kazini. Nimeomba mpaka msimamizi ananikwepa." Etevise alisikia upepo wa shamba. "Watoto wote wa mama watakaa karibu naye kabla jeneza halijafunikwa. Mimi nitakaa wapi? Si wewe unajua hayo mambo ya picha? Niweke karibu naye."

"Jipige video umekaa," Etevise alisema. "Tandika kitu cha kijani nyuma na chini ili niweze kukifuta, usisogee sana."

Video ikaja. Lafaele amekunja miguu juu ya turubai la kijani la kufunikia zabibu, kichwa ameinamisha, midomo inatembea bila sauti. Amekonda. Etevise aliitazama mara nyingi kabla ya kuanza kazi, na alipoanza aliufuta ule ukijani polepole, pembezoni mwa nywele, katikati ya vidole, mpaka mdogo wake akabaki peke yake.

Ila hakuweza kumwacha hivyo. Kwao mtu wa heshima hakalishwi mahali patupu. Mkono wa Etevise, bila kuuliza, ukamtandikia picha ya mkeka laini iliyojaa skrini nzima, ndipo akaihifadhi video.

Siku ya maziko, mama akiwa amelazwa sebuleni, jeneza lake likiwa wazi juu ya mkeka wake, na kwaya ikisubiri, binamu yao Ioane, mwenye kamera, aliijaribu video ile juu ya picha ya kamera yake itakayorushwa mtandaoni.

"Etevise!" alinong'ona. "Umemfunika mama kabla ya mchungaji!"

Kwenye runinga ya sebuleni, iliyoonyesha picha hiyo, jeneza halikuonekana. Alikuwepo Lafaele na mkeka wake, basi. Kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimewafunika wote.

Etevise alipiga magoti mbele ya laptopu, akauondoa ule mkeka. Nyuma ya Lafaele ikatokea miraba midogo myeupe na ya kijivu. Mama mkubwa Sautia, dada wa marehemu, alikuwa amemwinamia begani.

"Na hivi vigae? Umempeleka mtoto hotelini?"

"Ni utupu, mama mkubwa. Kompyuta huuchora hivyo ili ujue hapana kitu."

"Basi weka kitu! Utamkalisha mtoto wa mdogo wangu hewani?"

"Nikiweka kitu hatutamwona mama. Hewa hii ndiyo itakayompitisha aonekane." Alinyoosha kidole kwenye mkeka chini ya jeneza. "Atakaa juu ya mkeka wa mama mwenyewe. Uleule aliolazwa juu yake."

Sautia akajipangusa uso kwa kiganja. "Haya, upesi. Tangu utoto wewe mzito kama kapu la magimbi."

Safari hii Etevise hakuchagua faili nyepesi anazowatumia watu kwenye simu, kwa kuwa hizo hazijui kubeba utupu. Pasipo na kitu hujaza weusi. Alichagua ile nzito, inayobeba alfa, yaani inayokumbuka wapi pawe wazi. Laptopu ikaanza kuvuma. Kwaya iliingia kwenye wimbo wa mwisho, mchungaji akasogea kwenye kifuniko.

"Mchungaji, ngoja!" Sautia alisema kwa sauti ya kuita kuku. "Bado mtoto mmoja." Akawageukia waliokaa kando ya jeneza. "Sogeeni. Wewe pia, na hayo mapaja. Lafaele anakaa hapo."

Wakasogea. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja, na mkeka wa Fuatino ukaonekana, uliosukwa kwa majani membamba.

Faili ikakamilika. Ioane akaiweka juu ya picha.

Kwenye runinga, Lafaele akaketi kando ya mama yake. Aliinamisha kichwa palepale ulipokuwa uso wa mama, na mkeka ukaonekana katikati ya vidole vyake. Sebuleni mtu alilia, wa pili akafuata. Sautia, macho kwenye runinga, alinyoosha mkono akaupapasa ule mkeka mtupu, taratibu, mpaka kwenye picha mkono ukawa umefika kwenye goti la Lafaele.

Simu ya Etevise ikatetemeka. "Nimeona mkono wa mama mkubwa," Lafaele aliandika. "Mwambie asiutoe."

Etevise akamwambia.

Video ikafika mwisho. Lafaele akatoweka, kifuniko kikashushwa. Watu walikuwa wamebanana, jasho likiwatoka, lakini hakuna aliyerudi kukaa kwenye ile nafasi.