Kiingereza Changu na Mkorea wa Mashine

Kabla Mkorea hajaja, Kiingereza pale kiwandani Uyole kilikuwa changu. Tulikoboa mpunga wa Madibira, na barua zote za wanunuzi wa Zambia niliziandika mimi. Bosi alikuwa anatafuta mkuu wa mauzo. Sikuona mshindani.

Yeye aliletwa kufunga mashine ya kuchambua mchele, akapewa mkataba wa miaka miwili. Kila asubuhi aliandika daftarini maneno kumi ya Kiingereza cha biashara, kando yake maelezo kwa mwandiko wa kwao, wa viduara na vistari. Kisha alipita kwa kila mtu akiyajaribu, hata kwa wapakiaji.

"Dada, leo mimi na wewe, negotiate chai," aliniambia siku moja.

"Mpe, dada! Mteja huyo!" wapakiaji wakapiga kelele. Walicheka, naye akacheka nao.

Hilo ndilo lililoniuma. Shuleni kwetu Iringa, aliyekosea Kiingereza alizomewa mpaka akakaa: "Cha ugoko hicho!" Nilijifunza kunyamaza mpaka sentensi inyooke kichwani. Huyu alikosea tangu saa mbili mpaka saa kumi, na watu wakazidi kumpenda.

Siku moja kabla ya wanunuzi kufika, alinijia na daftari, kidole kikiwa chini ya "lead time". Sikujua maana yake. Nilikuwa nimelikuta mara nyingi kwenye barua zao, nikawa nalipita tu.

"Tafuta mwenyewe," nilimjibu. "Nina kazi."

Aliinama kidogo, akashukuru.

Kesho yake mnunuzi, mama mmoja wa Lusaka, aliuliza lead time yetu ni siku ngapi. Bosi akanigeukia. Nilisema, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba suala hilo tutalishughulikia kwa umakini mkubwa.

"Samahani," Mkorea akadakia kwa Kiingereza chake. "Neno hilo jana nimetafuta, sijaelewa. Maana ni nini?"

Nilingoja wacheke. Yule mama alisogeza kiti, akachukua kalamu, akamchorea mstari: huku nimeagiza, huku mzigo umenifikia, katikati hapa ni siku ngapi?

"Ah! Kumi na mbili. Mashine ikiharibika, kumi na tano."

"Huyu anasema ukweli," mama yule akamwambia bosi. Walizungumza saa nzima, wawili wale, wakichora. Mimi niliandika kumbukumbu za kikao.

Wageni walipoondoka, bosi aliniita.

"Mwanangu, Kiingereza chako hakina mfano," alisema. "Ila mauzo atayashika Mkorea. Wewe utamsahihishia barua."

"Sawa, bosi."

Barua yake ya kwanza ilikuwa na makosa saba. Niliyahesabu mara mbili. Nilisahihisha sita, la saba nikaliacha palepale, mstari wa juu kabisa, nikaituma. Mama wa Lusaka aliagiza mchele siku hiyohiyo.