Sikio la Mume Wangu

Mwaka ule wa vita tulicheza karata barazani kila alasiri, kwa kuwa kazi ya reli ilisimama na mume wangu hakuwa na pa kwenda. Tulicheza wawili wawili: mimi na yeye dhidi ya jirani yetu muuza samaki na mkewe. Na tuliibiana, usishangae. Nani kwetu alicheza bila alama? Mume wangu akishika sikio, maana yake ana asi ya turufu, karata kubwa kuliko zote. Majirani walipoishtukia alama hiyo, nikaigeuza: kuanzia leo, sikio maana yake sina kitu. Nilimkaririsha asubuhi mpaka akachoka, maana kwa kusahau mume wangu hana mfano.

Alasiri hiyo turufu ilikuwa kopa. Akashika sikio. Nikamkazia macho: alama ya zamani au ya leo? Nilikuwa bado namtukana moyoni pale askari alipopanda barazani na bunduki. Wa upande gani, hatukuthubutu kuuliza.

“Weye! Unashika sikio, unaita nani kule ngambo ya barabara?”

“Njo muchezo tu, papa,” mume wangu akasema kwa heshima, akielekeza kidole karata za mezani.

Askari akamkamata shati, akamnyanyua. Siku zile waliochukuliwa hivyo hatukuwaona tena. Kisha akaokota karata za mume wangu, akazitazama peke yake, akanigeukia.

“Kama njo muchezo, weye mama utasema. Sikio njo nini? Yeye anyamaze.”

Nikimtazama mume wangu, askari atadhani tunapeana alama nyingine. Nikatazama meza. Kama alikumbuka, hana kitu. Kama alisahau, asi anayo. Na huyu ndiye mtu aliyesahau ufunguo, akasahau chumvi, akasahau hata jina la shangazi yangu mbele ya shangazi mwenyewe!

“Njo kusema iko na asi ya kopa, papa.”

Askari akazipitia karata polepole. Akaitupa asi ya kopa mezani, akamwachilia, akashuka barazani.

Mume wangu akaketi, jasho likimchuruzika. “Ulijua namna gani kama nilisahau?” akaninong'oneza.

Nikazikusanya karata. Mbele ya askari, jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile nililomfundisha asubuhi: hana kitu.