Nilijifunza speaking kwa mama mkwe bila kuonana naye, mtihani wa Kiingereza ukanishinda

Wakuu, kwema humu?

Hii sio chai. Imenikuta mwenyewe, na mpaka naandika hapa sijajua nimekosea wapi. Mnisome taratibu.

Mimi ni mtu wa maabara, nakaa Nyasho, Musoma. Nimepata nafasi ya masters nje, ufadhili kamili. Sharti limebaki moja: nifaulu mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kila kipengele, speaking ikiwemo. Nisipopeleka matokeo kabla dirisha la udahili halijafungwa, nafasi anapewa mwingine.

Kusoma na kuandika sikuwa na hofu. Shida ilikuwa kuongea. Kiingereza changu ni cha kwenye ripoti, mdomoni hakitoki.

Mke wangu akasema, "Si uende kwa mama?"

Nikadhani ananitania. Mama yake ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anaishi Butiama. Lugha anaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ila wakuu, kwa upande wetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala kutazamana usoni. Mkikutana njiani, mmoja anachepukia kwenye mihogo ya watu. Miaka sita ya ndoa, mimi mama mkwe namjua kwa kanga na kisogo.

Najua kuna atakayesema si mngepigiana simu. Tulijaribu siku moja. Akanikatisha: "Baba, unasoma kwenye karatasi. Nasikia. Jumamosi uje."

Nikaenda. Utaratibu alikuwa ameshaupanga. Mimi kibarazani kwenye kigoda, mgongo dirishani. Yeye sebuleni, nyuma ya pazia. Mke wangu mlangoni, anachambua maharage na kutucheka.

Anauliza, najibu huku nikitazama banda la kuku. Nikikosea anagonga dirisha kwa kalamu. Kila Jumamosi, miezi minne. Kiingereza kikafunguka wakuu. Nikawa nabisha, natania, mpaka namchekesha mwalimu.

Siku ya mtihani nikapanda basi la asubuhi kwenda Mwanza. Tunapita Bunda mimi nasinzia, sina wasiwasi hata chembe.

Listening ikaenda safi. Nikaingia speaking. Mtahini ni mama wa makamo, miwani, sauti ya kialimu. Akanionyesha kiti mbele yake, karibu kabisa.

Hapa ndipo sijielewi. Nikakigeuza kile kiti bila hata kufikiria. Nikaanza kujibu nikiongea na ukuta, tena vizuri tu. Akasogea ili anione. Nikageuka zaidi. Akauliza kama naumwa shingo. Nikamjibu ukutani, I am very comfortable.

Akaniomba kwa upole nimwangalie. Nikamwangalia.

Maneno yote yakaisha. Nilijisikia nimemvunjia mtu heshima. Muda uliobaki nilikuwa nasema yes na I think so tu.

Matokeo: listening juu kabisa, speaking sijafikia sharti. Baadaye jamaa aliyewahi kuufanya akaniambia kumtazama mtahini hakuna alama zake. Yaani ningekomaa na ukuta wangu labda ningefaulu. Nikachanganyikiwa upya.

Mke wangu akampa mama yake habari. Nikategemea pole. Ikaja simu: "Kesho uje. Sio kibarazani."

Nikakuta pazia limefungwa pembeni, viti viwili vinatazamana. Nikagota mlangoni, siingii, siondoki.

Akasema, "Nilikuwa nakufundishaga lugha, kumbe nakufundisha na kuniogopa. Kaa, mwanangu. Watakaosema waseme tu, hao huwaga hawakosi la kusema."

Nikakaa. Nikainua uso.

Wakuu, ni mke wangu yule yule, ameongezewa miaka tu. Akachukua kalamu yake, akauliza swali la kwanza.

Sasa baba mkubwa wa mke wangu amesikia. Anasema tumeleta mkosi, tusiendelee mpaka mbuzi atolewe na wazee wakae. Wazee wanakaa mwezi ujao. Mtihani wa marudio ni wiki mbili zijazo, na dirisha linafungwa baada ya hapo.

Nilichojifunza: ukijiandaa kuongea, jiandae na mtu anayekutazama. Hilo ni la mtihani. Lingine sijui niliite somo au nini. Miaka sita nimemheshimu yule mama kwa moyo wote, na ningeweza kupishana naye sokoni nisimtambue.

Jumamosi ananisubiri. Waliooa huku kwetu, na nyie wa mikoa mingine pia, semeni ukweli bila kunifariji: mngeenda kukaa kwenye kile kiti?