Kichwa cha Roosevelt Purifoy

Roosevelt Purifoy alifia barazani kwake, katika mji mdogo wa Sorrell, kusini mwa Georgia, akiwa na bakuli la karanga za kuchemsha mapajani. Mkewe, Ozella, alikuwa ameingia ndani kumletea kitambaa cha kufutia mikono. Aliporudi alimkuta ameinamisha kichwa, akadhani amesinzia kama kawaida yake.

"Mzee, maganda hayo yanamwagika," alimwambia.

Akamgusa shavu, akaelewa. Hakupiga kelele. Alilitoa lile bakuli, akaifuta ile mikono mikubwa kidole baada ya kidole, kisha ndipo akaingia ndani kumpigia simu binti yao, Renita, aliyekuwa muuguzi Atlanta.

Renita alilia, mama yake akamsubiri. Alipomaliza alijifuta kamasi, akasema kwa sauti ya kazini, "Mama, kuna jambo lazima nikuulize leo hii, na unisamehe kwa kuuliza sasa. Wale madaktari niliokwambia, wanaochunguza bongo za wachezaji wa zamani. Wanaomba ubongo wa Baba. Lakini ni leo au kesho, baada ya hapo hautawafaa."

"Renita, baba yako bado ana joto."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nauliza."

Ozella alisema atafikiri. Akarudi barazani, akakaa karibu na mumewe mpaka watu wakaanza kuja.

Pale Sorrell hakuna aliyekuwa hamjui Roosevelt. Wakubwa walimwita Ghala, jina alilopewa shuleni kwa sababu akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Watoto walimwita Bwana Purifoy, kwa kuwa ndiye aliyeendesha basi la shule karibu maisha yao yote, na yao na ya wazazi wao. Mtoto akilala, hakumwamsha kwa honi wala kwa ukali. Alizima injini, akambeba hadi mlangoni kwao, akagonga kwa kiwiko. Kinamama walikuwa wakimkuta amesimama pale na mtoto begani, begi la shule limening'inia kwenye kidole kimoja, anaomba radhi kwa kuchelewa.

Lakini kabla ya basi kulikuwa na mpira, ule wa kubebwa mikononi, ambao wachezaji huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Kocha wa chuo alifika Sorrell kumtazama kijana mwingine kabisa, mwenye mbio. Alipopita karibu na kanisa akamwona Roosevelt anaingiza friza jikoni, peke yake, ameikumbatia kifuani, huku wazee wa kanisa wakimwelekeza kona. Kocha akasimamisha gari. Yule mwenye mbio hakuchukuliwa. Roosevelt akapelekwa chuo, kile cha watu weusi kule Alabama, akawekwa mstari wa mbele.

Mtu wa mstari wa mbele hagusi mpira. Kazi yake ni kusimama kati ya mrushaji mpira na watu wanaotaka kumvunja mbavu. Kila mchezo unaanza kwa kichwa chake kugonga kichwa cha mwenzake, na unapokwisha anarudi kuinama, wanagongana tena. Magazeti hayamwandiki. Roosevelt aliipenda kazi hiyo. Ozella alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya chuo, na mpira wenyewe haukumwingia akilini. Alimpenda kwa sababu baada ya mechi, wenzake wakijitapa, yeye alikuwa akiuliza kama bendi imeshakula.

Chuo kilipokwisha alichukuliwa na timu ya kulipwa huko kaskazini, mji wa theluji na upepo mkali, akacheza misimu mitano. Mara moja tu mpira ulimwangukia mikononi. Alikimbia nao hatua chache, akachoka, akaulalia. Hadithi hiyo aliisimulia miaka yote, na kila mwaka zile hatua ziliongezeka, mpaka Ozella akawa anamwambia, "Mwakani utafika Florida." Kisha shingo ikaumia, timu ikamwacha, wakarudi nyumbani na Renita mchanga. Hakulalamika. Alisema amechoka na theluji hata hivyo.

Ugonjwa ulianza taratibu kiasi kwamba Ozella hakuweza kusema ulianza lini. Kwanza yalipotea majina. Kisha siku moja basi likapitiliza nyumba ya mtoto aliyekuwa akimshusha kila siku, na Roosevelt akaegesha kando ya shamba la pamba, akashika usukani, akawaambia watoto, "Nani anaijua njia?" Watoto wakamwelekeza, mmoja mmoja, mpaka wote wakafika kwao. Kesho yake alirudisha funguo mwenyewe.

Yalikuwapo ya kuchekesha pia. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, aliinuka, akatembea hadi mimbarani, akasimama mbele ya mchungaji amepanua mikono na kukunja magoti, akiwakodolea macho waumini. Ozella alitamani ardhi ipasuke. Mchungaji Gaddis alimshika bega kwa nyuma, akasema, "Mwacheni. Tangu nije kanisa hili hakuna aliyenilinda namna hii, na baadhi yenu mnajijua." Watu wakacheka, mahubiri yakaendelea, Roosevelt akiwa amesimama pale pale hadi amina ya mwisho.

Na yalikuwapo mengine. Alasiri moja alimkuta Ozella jikoni akamwamkia kwa adabu, kofia mkononi. "Samahani, mama. Umenikarimu vizuri, lakini mimi ni mtu mwenye mke. Ozella atakuwa ananingoja." Ozella alimtazama, akachukua funguo za gari. Alimzungusha mji mzima, wakapita kanisani, wakapita shuleni, akamrudisha mlangoni pale pale walipotoka. Roosevelt akaingia ndani uso umemng'aa. "Ozella! Umeshindaje?" Akajibu ameshinda salama.

Kuna moja hakumwambia mtu. Roosevelt, ambaye hakuwahi kumpazia sauti, alimsukuma siku moja hadi kwenye kona ya kabati kwa sababu alimnyima ufunguo wa mlango. Mbavu zilimuuma majira yote ya baridi. Kanisani alisema ameteleza kwenye ngazi. Usingizi ulimpa tabu siku nyingi, naye alikuwa akimtazama mumewe amelala akijiuliza kama mtu yule alikuwamo ndani yake tangu zamani, akingoja tu.

Odessa, dada yake Roosevelt, alifika na sufuria mkononi kabla gari la maziko halijaja. Ndiye aliyemlea marehemu baada ya mama yao kufa, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Alimbusu mdogo wake paji la uso, akalia kidogo, akaingia jikoni kuwasha jiko. Ozella alimfuata, akamweleza maombi ya madaktari.

Odessa aliweka mwiko chini. "Wamkate kichwa?"

"Wachukue ubongo, wifi. Renita anasema hakitaonekana kitu. Jeneza litakuwa wazi kama kawaida."

"Mimi ndiye niliyemfunga nepi huyu. Alikuja duniani na vitu vyake vyote, na ataondoka na vitu vyake vyote."

"Wifi, goti la kushoto aliliacha kaskazini. Meno mawili aliyaacha Tennessee. Ndugu yako hajawa kamili tangu tulipooana."

Siku nyingine Odessa angecheka. "Usinifanyie utani, Ozella. Kuna siku ya ufufuo."

"Aliyemuumba mara ya kwanza atashindwa na kipande?"

Odessa alikoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na Tavaris je?"

Hapo Ozella akavuta kiti. Tavaris alikuwa mjukuu wa Odessa, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwili wa Roosevelt kabisa, naye akicheza mstari wa mbele. Makocha wa vyuo walikuwa wameshaanza kuja kula pai ya viazi vitamu mezani kwa Odessa.

"Madaktari wakikipata hicho wanachokitafuta," Odessa alisema, "mama yake atamtoa uwanjani siku hiyo hiyo. Na mtoto hana kingine anachokipenda."

"Kwa hiyo unajua watakipata."

Odessa aliinuka akarudi kwenye maharage, akampa mgongo.

"Wifi, nisikilize. Sikuteleza kwenye ngazi mwaka ule."

Odessa aligeuka. Alimtazama Ozella usoni, akamtazama ubavuni, akakaa taratibu upande wa pili wa meza.

"Alinisukuma. Na mimi nimeishi na mtu yule tangu nikiwa msichana, sijui kama ni yeye aliyenisukuma au ni maradhi. Siwezi kumzika huku sijui. Nataka kujua nani alinisukuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungemchapa?"

"Ningekuja kukaa na wewe, mpumbavu wewe," Odessa alisema, machozi yakamtoka upya. Lakini hakusema amekubali. Alifunika sufuria, akavaa koti, akaondoka.

Ozella alimpigia Renita, akampa ruhusa.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Odessa alikaa benchi la mbele, lakini upande ule mwingine, na watu wote waliona. Kwaya iliimba. Mchungaji Gaddis alitangaza kwamba wasemaji ni dakika mbili mbili, na kwamba anawafahamu. Kisha akapanda Curtis Standifer, mzee mwembamba aliyekuwa mrushaji mpira enzi za chuo, amekuja na mkewe kutoka Mobile.

"Miaka mitatu," alisema, "nilichokiona cha Roosevelt ni mgongo. Naujua mgongo wake kuliko ninavyoujua uso wa mke wangu."

"Na mimi naujua wako," mkewe alijibu kutoka benchini, "maana kila siku unaondoka!"

Kanisa lilicheka, hata Odessa alificha mdomo kwa leso. Curtis alisubiri wanyamaze. "Nina miaka sabini na mbili. Naendesha gari langu, majina ya wajukuu wangu wote nayakumbuka. Nilikuwa nikifikiri ni bahati. Siku hizi najua kila pigo lililokuwa langu lilikwenda kwa nani." Alitaka kuendelea, akashindwa, akashuka. Alipopita kwenye jeneza aligonga ubao mara mbili kwa kiganja, kama walivyokuwa wakigongana mabegani zamani, akaenda kukaa.

Baada ya makaburini watu walikula kwenye ukumbi wa kanisa: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, majani ya kola, jamii ya sukuma wiki, yaliyopikwa na nyama ya nguruwe ya moshi. Watu wazima waliowahi kubebwa kutoka kwenye basi walimjia Ozella mmoja mmoja, kila mtu na lake. Odessa alihudumia meza zote isipokuwa ile aliyokaa wifi yake.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Wanawake hao wawili walisalimiana kanisani, basi.

Majibu yalikuja miti ya pichi ilipokuwa inachanua. Renita alishuka kutoka Atlanta ili asikilize simu ya daktari pamoja na mama yake. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba ugonjwa ulikuwamo, tena katika hatua ya mwisho, na kwamba unatokana na kichwa kugongwa tena na tena kwa miaka mingi, si lazima pigo moja kubwa. Aliuliza kama wana swali.

"Ninalo," Ozella alisema. "Sehemu inayomzuia mtu asiwe na hasira mbaya. Ilikuwa nzima?"

"Hapana, mama. Hiyo ni kati ya zilizoharibika zaidi. Na ilianza kuharibika miaka mingi kabla hamjaona chochote."

Ozella alimshukuru. Alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika. Renita alidhani mama yake anaumia, akamshika mkono, akashangaa kumwona anapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Jioni ile alikwenda kwa Odessa bila kupiga simu kwanza. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, maana hakukaribishwa ndani.

Odessa aliuliza jambo moja tu. "Ule mwaka wa mbavu, alikuwa ameshaugua?"

"Zamani sana, wifi."

"Basi hakuwa ndugu yangu."

"Hakuwa yeye."

Odessa akasogea, akamwachia njia. "Ingia. Chakula kipo."

Kuhusu Tavaris, Odessa alimwambia mwenyewe, mezani, mbele ya mama yake na Ozella, bila kuficha: barabara iliyompotea babu yake mdogo, mchungaji aliyelindwa, hata zile mbavu. Mama yake alitaka aache, akalia, akabembeleza. Kijana alisikiliza huku ameinamia sahani. Aliuliza maswali machache ya maana. Siku nyingi baadaye alisema amefikiri, na atacheza, lakini siku atakapoambiwa na daktari aache, ataacha. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Hakuna aliyeweza kumfunga kamba.

Alikwenda chuo kisicho mbali vuli ile. Ozella hakutia mguu kwenye mechi hata moja, na hakumlaumu aliyekwenda. Odessa alikwenda zote, kwa gari la kanisa, na alikiri kwamba nusu ya muda anakuwa amefumba macho. Kila Jumamosi mechi ikiisha humpigia wifi yake simu kutoka kwenye majukwaa, bendi ikipiga nyuma yake.

"Ametoka kwa miguu yake mwenyewe," humwambia.

"Umemsemesha?"

"Nimemsemesha. Ananijibu vizuri. Ananiuliza umepika nini."

Ozella humtajia alichopika, na kuwaambia wasichelewe.