Uso wa Babu Chini ya Maharagi

Nikifungua katoni ya vyombo vipya, harufu ile ya karatasi na vumbi la safari ndefu hunirudisha Bulengera, uani kwa babu yangu, siku ya jubile ya ndoa yake na bibi. Nilikuwa na miaka minane hivi, na tumbo langu lilikuwa likingoja tangu asubuhi.

Shangazi yangu Masika, tuliyemwita tantini, aliuza vyombo sokoni Butembo na kuvifuata mwenyewe China. Safari ile alibeba picha ya babu. Kiwandani kulikuwa na sahani zilizochorwa kwa ajili ya Wazungu: ukingo wa dhahabu, simba wawili, na katikati mfalme fulani wa Ulaya. Tantini akaomba wamtoe mfalme, wamweke baba yake. Wakabadilisha uso tu. Babu yangu, mkulima wa vitunguu kutoka Kipese, akabaki na taji kichwani na nishani za watu kifuani. Tantini hakumwonyesha mtu sahani zile. Alipakua chakula mwenyewe jikoni, akitaka tushtuke kwa furaha.

Kushtuka tulishtuka. Fufu, ugali wetu wa muhogo, lilipopungua, likatokea jicho. Halafu masharubu. Babu alikuwa akinitazama kutoka kwenye mchuzi, na babu huyohuyo alikuwa ameketi mbele yangu na suti yake ya kanisani.

Mama mmoja jirani akaacha tonge lake. "Lakini, huyu mutu tunamukula?"

Kwetu hilo si swali la mezani. Mtu akiugua bila kueleweka, watu huuliza nani anamla kwa uchawi, na kifua cha babu kilikuwa kikimsumbua kwa majuma mengi. Mikono yote ikatoka kwenye sahani. Baba yangu, kaka mkubwa wa tantini, akasimama.

"Masika, umetuletea nini kwa nyumba ya baba?"

Tantini alikuwa mlangoni na sufuria ya maharagi. "Nilitaka kumupa heshima tu," alisema.

Babu akaivuta sahani yake. Akala maharagi yaliyofunika uso wake, kisha akainua sahani akairamba polepole, kutoka kidevuni hadi kwenye taji. Yeye, mzee wa kanisa, aliyetufinya masikio tulipokuwa tukiramba vidole.

"Masika, mwana yangu," alisema, "ongeza maharagi. Sijashiba."

Baada ya muda baba aliketi. Watu wakaanza kula tena, macho pembeni. Mimi niliwasimulia watoto wenzangu jambo moja tu, kwamba babu alikuwa na njaa mpaka akaramba sahani mbele ya wageni.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Beni, nimepanda pikipiki, tukakuta watu wameziba njia. Mwanamke alikuwa akifukuzwa nyumbani na kaka zake mwenyewe, godoro kichwani, damu mdomoni. Nikauliza kosa lake.

"Banasema anakulaka batu," dereva akajibu, yaani mchawi.

Ndipo nilipoelewa babu alikuwa akifanya nini na sahani ile: alikuwa akimkinga binti yake. Nikamtafuta kwa macho mzee wa nyumba ile, baba wa yule mwanamke. Alikuwa ameketi barazani, ametazama chini.